Kidoti cha Shavu la Kushoto

Walikutana sokoni, kwenye msongamano wa duka la vitambaa. Muuguzi alikuwa na gauni lake jeupe la kazi. Mfuko wa gauni ulinasa kwenye msumari, ukachanika. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake, fundi cherehani, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati.

"Simama vizuri, dada. Nikikuchoma, dawa unaijua mwenyewe."

Muuguzi akacheka. Mwezi haujaisha, fundi yule alikuwa mpenzi wake, na kila gauni alilovaa lilitoka mikononi mwake.

Kisha muuguzi akapelekwa masomoni mji mwingine, miezi sita. Kila jioni walipigiana simu.

"Mpenzi, mimi nikifumba macho nakuona kabisa, na kile kidoti chako cha shavu la kulia. Wewe unanionaje?"

Fundi akajibu, "Sioni kitu."

"Acha utani wako."

"Kweli, laazizi. Nikifumba macho ni giza tu. Hata aliyenizaa simwoni. Kwani watu huona? Nilidhani mnasema tu."

Muuguzi angeweza kumuuliza zaidi. Badala yake alisema, "Miezi miwili tu, umeshanisahau," akakata simu. Fundi alipiga mara tisa; muuguzi hakupokea. Masomo yalipoisha aliomba kazi huko huko.

Miaka mitatu baadaye alirudi, akaingia kwa fundi na kitambaa cha buluu, akijiambia amefuata ushonaji mzuri, basi. Fundi alimsalimu kwa upole, akatandaza kitambaa mezani, akaanza kuchora kwa chaki.

"Mbona hujanipima?"

"Bega lako la kushoto liko chini ya la kulia kwa nusu inchi. Ukitaka kucheka unavuta pumzi kwanza, kwa hiyo kifuani naacha nafasi." Hakuinua kichwa. "Picha kichwani sina. Hayo ninayo."

Muuguzi akamtazama usoni. Kidoti kilikuwa shavu la kushoto. Miaka yote hiyo alikuwa akikiona kulia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikata simu."

Sauti ya mwanamke ikaita kutoka chumba cha nyuma, "Baba Pacha, chakula kinapoa!"

"Nakuja, mke wangu." Akakunja kitambaa taratibu. "Njoo Ijumaa, dada."

Ijumaa alilivaa gauni chumbani kwake, peke yake. Hapakuwa na pa kupunguza wala pa kuongeza. Akafumba macho, akajaribu kukihamishia kidoti shavu la kushoto. Kikarudi kulia.