Nyoka Aliyeshiba

"Shangazi yuko sokoni," sauti kutoka kituoni ilinong'ona katika kifaa cha sikioni. "Kaja kuchukua zawadi. Itafute kabla hajaondoka."

Shangazi lilikuwa jina la siri la mnunuzi ambaye hakuna aliyeijua sura yake. Corliss Tate, mpelelezi, alijipaka dawa ya kuua viini mikononi kama kila aingiaye ukumbi wa soko la nyoka, akamtabasamia mlinzi wa mlango, aliyeambiwa ampitishe. Chini ya shati, bastola ya Glock ilimbana kiuno.

Nje, jua la Florida lilikaanga lami. Ndani, mamia ya nyoka wa mahindi, wale wafugwao wasio na sumu, walijikunja katika vikopo vya plastiki, meza baada ya meza.

Meza mojawapo ilikuwa imebeba mauti.

Kidonge cha kauri, kidogo kama harage, kilichoibwa maabara. Mashine ya mlangoni haikioni. Kichomeke kwenye simu, nacho hufungua kwa mbali matangi ya klorini ya kiwanda kilicho ng'ambo ya mto. Na upepo leo ulivuma kuelekea mjini.

Royce, mdogo wake wa pekee, alikuwa zamu kiwandani.

"Watoeni wafanyakazi," alinong'onea kinasasauti kilichofichwa kwenye kola ya shati.

"Tunawatoa kimya kimya. Tumewaambia ni jaribio la king'ora. Royce yuko juu ya tangi, bado hajashuka. Na mji mzima hatuwezi kuutoa."

"Fungeni ukumbi."

"Tukifunga, atashtuka, atakitumia papo hapo. Kitafute, Corliss."

Walimtuma yeye kwa sababu moja. Alizaliwa katika nyumba yenye nyoka wengi kuliko vijiko.

"Dada! Acha kununua kwa macho, nunua kwa pochi!" Mzee Dwight Haskew, mfugaji mwenye ndevu za kutu, aliinua kikopo. "Huyu ana weupe uliojificha ndani. Kwake huuoni. Ngoja azae, watoto wataitoa siri!"

"Baadaye, mzee."

Alipita. Rangi ya chungwa lililoiva. Weupe wa maziwa. Zambarau ya wingu la mvua. Rangi hizo huzaliwa vibandani, mwaka baada ya mwaka, kwa mikono ya watu wenye subira ya mawe.

Wote walikuwa wembamba kama kamba.

Ilikuwa lazima. Hakuna mfugaji anayemlisha nyoka siku za karibu na soko. Nyoka aliyeshiba akitikiswa hutapika, na kutapika kunaweza kumuua.

Kisha akaiona meza ya Lamar Tuttle, jirani wa Haskew.

Katikati yake alilala Palmeto, aina adimu ya nyoka wa mahindi, mweupe mwenye madoa mekundu na ya kijani, kama aliyekung'utiwa brashi na mchoraji. Mzuri wa kutisha.

Tumbo lake lilikuwa na uvimbe.

Ndani ya panya aliyemezwa, kidonge kingejificha vizuri.

"Bei gani huyu?"

"Ameshauzwa, bibie." Tuttle hakumtazama.

"Nimshike tu."

"Hashikwi."

"Kwa nini? Amekula?"

Jasho lilimtiririka Tuttle shavuni. "Kala jana. Basi?"

"Umezeekea kwenye nyoka, halafu unaleta sokoni aliyeshiba?"

Haskew aliangua kicheko. "Lamar! Umelewa? Atakutapikia mbele ya wateja!"

Meza zote zilicheka.

Tuttle hakucheka. Macho yake yaliruka hadi kwa mtu aliyesimama nyuma ya Corliss.

Mkono wenye shati la kitani ukapita begani kwake, ukakibeba kikopo.

"Huyu ni wangu," mtu huyo alisema kwa upole, kwa lafudhi ya mbali.

Akakimbia.

"Shangazi anatoka! Mlango wa nyuma! Mkamateni Tuttle!" Corliss alipaza sauti kolani.

Akaruka meza. Vikopo vilianguka, watu wakapiga mayowe. Hakuweza kufyatua risasi, palijaa watu. Mbele yake kikopo kilitikisika kwapani mwa yule mtu kama kibuyu cha maziwa.

Alimkuta kwenye maegesho, nyuma ya gari la Dodge la kijivu. Simu ilikuwa juu ya boneti. Kisu kilikuwa wazi mkononi.

Alitaka kumpasua nyoka akitoe kidonge.

"Dondosha!"

Mtu huyo alicheka, akamnyanyua Palmeto, akambana katikati ya tumbo.

Mfugaji asingefanya hivyo.

Nyoka alijinyonga, akafungua kinywa, akatapika. Panya aliyeoza nusu alimmwagikia kifuani. Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Alifumba macho, akajikunyata, nyoka akamponyoka.

Kitu cheupe kilidunda kwenye lami.

Alijirusha kukichukua. Corliss alifika kwanza.

Kisigino.

Kauri ililia kama jino linalovunjika.

Kisu kilimjia ubavuni. Alikikwepa, akampiga kitako cha bastola shingoni, akamlaza chini, akamfunga pingu.

"Aliyekitengeneza bado yuko hai," mtu yule alinong'ona, shavu kwenye lami ya moto. "Atatengeneza kingine."

"Na atatukuta hapa."

Corliss alibonyeza kifaa cha sikioni.

"Royce?" aliuliza.

"Ameshuka. Anatukana. Anasema tumemharibia chakula cha mchana."

Corliss alivuta pumzi. "Mwambieni ale."

Alipiga magoti, akamtoa Palmeto chini ya gari taratibu, akamlaza katika kofia yake.

Haskew alisimama kwenye mlango wa nyuma, rangi imemtoka. "Dada, wewe ni nani hasa?"

"Mteja, mzee."

"Basi huyo usimlishe upesi! Tumbo lipone kwanza!"

"Najua."

Akavaa miwani ya jua, akapita katikati ya magari ya polisi yaliyokuwa yakiingia kumchukua yule mtu, kofia kifuani, bila kugeuka.