Mnong'onezaji Chini ya Jukwaa

Foleni ya kukaguliwa mikoba, mlangoni mwa hifadhi ya tamthilia katika mtaa wa Piassa, ndiyo iliyowakutanisha. Endale alikanyaga netela nyeupe ya Fikirte, ikamtoka mabegani.

"Samahani, dada. Nitaifua."

"Kwa mikono hiyo ya wino? Niachie shuka langu!"

Kumbe wote walitafiti tamthilia moja ya zamani. Walisomea kwenye meza zilizopangwa juu ya jukwaa, maana hifadhi hiyo zamani ilikuwa ukumbi wa maigizo. Nakala pekee ya tamthilia hiyo ilikuwa daftari la mnong'onezaji, bibi aliyekuwa akikaa chini ya mbao hizo enzi hizo, akiwakumbusha waigizaji maneno. Wiki ya tatu tayari walikuwa wakilishana matonge yenye mchuzi wa shiro, na Fikirte alishapenda, tena vibaya.

Waigizaji hawasomi ukurasa wa mwisho kabla ya siku ya onyesho. Wawili hao nao wakaushika mwiko huo, wakaahidiana kuusoma ukurasa huo pamoja.

Fikirte hakuvumilia. Asubuhi moja aliufungua peke yake, akakuta umechanwa na kuondolewa. Kwenye kadi ya wasomaji, sahihi ya mwisho ilikuwa ya Endale.

"Mwizi wewe!" alimfokea kwenye simu. "Ulinipenda mimi au utafiti wangu?"

"Kwani umeufungua bila mimi?" Sauti ya Endale ilipoa. "Basi, bibie. Leo hii narudi kwetu Gondar."

Akakata. Fikirte alilia waziwazi, na wala hakuona haya.

Ndipo mbao zikagongwa kutoka chini, mara tatu.

"Rudi," ilinong'ona sauti ya kikongwe. "Kosa ni langu."

Mwili ulimsisimka. Alipiga magoti, akang'oa ubao uliolegea. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukurasa tu, umegandiwa na nta ya mshumaa, na vumbi la miaka hamsini juu yake. Mstari wake wa mwisho ulikuwa maneno yaleyale.

Alimpigia Endale simu. "Rudi, mpenzi. Kosa ni langu."

"Nimeshafika mlangoni. Si ulinipigia sasa hivi, ukaniambia nirudi? Ila ulikuwa na sauti ya kizee, nikadhani umelia mpaka imekukauka."

Fikirte alikata simu. Alimkimbilia, akamkumbatia mbele ya wasomaji wote, kisha akamwonyesha ukurasa.

"Na mstari unaofuata?" aliuliza Endale.

"Haupo. Ndio mwisho."

"Basi nitautunga mimi. Fikirte, uwe mke wangu."

"Nitakuwa."

Chini ya mbao, mikono miwili mikavu ikapiga makofi.