Glasi Iliyoachwa Mezani kwa Bibi Thelma

Hebu niambie, umewahi kusikia mwizi anaingia nyumba ya watu, anachanganya kinywaji kwa makini, halafu anakiacha mezani bila hata kukionja?

Basi hicho ndicho Inspekta Odile Fenn alichokikuta jikoni kwa Bibi Thelma Gokey, huku vilimani Vermont, Marekani, Jumamosi ile ya vuli ambayo kanisa hupika pai za kuku. Kijiji kizima kilikuwa kanisani. Bibi Thelma alirudi, akawasha taa, akaiona glasi katikati ya meza. Mdomo wa glasi umezungushiwa sukari na mdalasini. Ndani mna juisi ya tufaha yenye pombe, na juu kinaelea kipande cha tufaha kilichokatwa chembamba hadi mwanga unapita.

Na chupa ya kabatini haikuwepo.

"Chupa gani, mama?" Odile aliuliza.

"Ya marehemu." Bibi Thelma alikuwa bado hajavua koti. "Pombe ya matufaha aliyoitengeneza Clyde kwa mkono wake. Ndiyo ya mwisho. Aliiziba kwa nta nyekundu. Sijaigusa tangu tumzike."

Vipande vya nta vilikuwa mezani, vimekusanywa vizuri kwenye kisahani.

"Kuna kingine kilichopotea?"

"Hakuna."

"Unamshuku nani?"

"Afande, mimi hapa sina hata wa kugombana naye." Akacheka kidogo, peke yake. "Mwanangu Roland nimeshampigia. Anakuja Jumatatu kunichukua, twende kwake Arizona. Nyumba inauzwa. Siku nyingi anasema, leo kapata sababu."

"Na wewe unasemaje?"

"Ataona yeye."

Koplo Wendell alikuwa ameinama juu ya glasi na brashi yake. "Alama za vidole zipo, afande, safi kabisa. Ila maabara haitatoa majibu kabla ya Jumatano."

Jumatano mama wa watu atakuwa jangwani Arizona. Odile alizunguka nyumba polepole na tochi. Mlango wa mbele ulikuwa umerundikiwa majani, na buibui ametanda utando kuanzia kitasa hadi ukutani. Hapo hapajapita mtu. Huku kwetu anayebisha mlango wa mbele ni mgeni au askari. Jirani hupita nyuma, mlango usiofungwa, kwenye kijichumba cha kuvulia viatu.

Kwenye mkeka wa kijichumba hicho palikuwa na matope mabichi na majani mekundu, yameacha umbo la buti mbili zilizowekwa sambamba. Lakini sakafu ya jikoni ilikuwa safi kama sahani.

"Wendell, mwizi wetu alivua viatu."

"Ana adabu kumshinda shemeji yangu."

Odile alimimina sehemu ya kinywaji kwenye kichupa cha ushahidi, akakifunga, akabandika lebo. Kisha akachovya kijiko katika kile kilichobaki.

"Afande! Unakunywa ushahidi?"

"Nyamaza, sampuli nimeshachukua."

Tufaha. Limau kidogo. Halafu utamu, nao haukuwa wa sukari. Ilikuwa shira ya mti wa mepo, utomvu wake uliochemshwa, nzito, yenye ladha ya moshi ndani yake. Akafungua kabati. Shira ya Bibi Thelma ilikuwa nyepesi, rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo mgeni alikuja na shira yake mfukoni. Nzito namna ile ni ya utomvu wa mwisho, macho ya miti yakishaanza kufumuka, na watu wengi hawaiweki mezani.

"Nani bado anachemsha utomvu kwa kuni?"

Wendell alijikuna shingo. "Wote wamehamia gesi. Labda Mzee Armand Quesnel, hapo ng'ambo ya barabara."

Usiku huo Odile alikula supu ya kopo akiwa amesimama kwenye sinki lake. Redio aliiacha ikiongea, si kwa kuwa anaisikiliza.

Asubuhi alimkuta Mzee Armand akipasua kuni.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Kanisani. Kwenye pai."

"Ulikaa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu, afande! Wana midomo, wanakula."

"Akina mama wa jikoni kanisani wanasema sahani yako ilibaki imefunikwa mpaka wakaosha vyombo."

Mzee akaliweka shoka chini.

"Nipe buti moja, nikailinganishe na alama za mkeka kwa Bibi Thelma. Au tusisumbuane?"

Aliingia ndani, akatoka na chupa iliyoviringishwa kwenye taulo. Pombe ilikuwa imepungua kipimo kimoja tu.

"Nifunge pingu," alisema.

"Kwanza niambie sababu."

"Hiyo nitamwambia mwenyewe."

Wakavuka barabara. Mzee Armand hakwenda nyuma. Alipita kwenye yale majani, akakata utando wa buibui, akabisha mlango wa mbele kama mtu asiyejulikana.

Bibi Thelma alifungua. Akaitazama chupa, akamtazama yeye. "Armand?"

"Ni mimi. Nilisikia dukani Roland anataka kukupeleka kwake. Kila vuli, baridi ya kwanza ikipiga, Clyde alikuwa ananiita, tunakunywa watatu. Tangu mazishi hamna aliyeniita. Nikasema safari hii nitakuja mwenyewe. Nichanganye kama alivyokuwa anachanganya yeye. Ukirudi unikute nimekaa, nikwambie neno."

"Kwa nini glasi moja?"

"Yangu nilisubiri uniambie nijimiminie." Aliikamata taulo kwa mikono yote miwili. "Lakini nilipomaliza nikaitazama nta iliyovunjika, nikaona nimeharibu. Nimefungua kitu cha marehemu kana kwamba ni changu. Na taa za gari lako hizo, zinaingia uani. Nikatoka mbio, buti mkononi, chupa kwapani. Mwehu mtupu."

"Nimelala na kisu cha mkate kitandani, Armand!"

"Najua. Niliona taa yako haikuzimwa."

"Uliona, ukanyamaza!"

"Niliona aibu."

"Na miaka yote hii? Kila asubuhi natazama moshi wako. Hata hodi!"

"Hukuniita."

"Jirani anaitwa? Tangu lini?" Sauti yake ilipasuka. "Nilidhani ulikuwa unampenda Clyde, mimi nilikuwa wa kubeba glasi tu."

Odile alikohoa. "Mama, nahitaji kujua kama unafungua mashtaka."

Bibi Thelma alimgeukia Armand. "Neno gani?" alimuuliza. "Hilo ulilotaka kuniambia."

Mzee aliinamisha kichwa. "Usiende. Ni hilo tu."

Mama akamnyang'anya chupa, akawaingiza jikoni, akaiweka mezani, na kumsukumia kiti kwa mguu. Akatikisa kichwa kumwelekea Odile: hakuna mashtaka. Halafu akachukua simu.

Odile alikwenda zake kwenye gari, lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, akasikia.

"Roland? Mwizi kapatikana... Hapana, nisikilize. Mwanangu, nisikilize kwanza. Wewe hukuniuliza, na mimi sikusema. Sitaki kuja Arizona. Nataka kukaa kwangu."