Kadi Iliyowekwa Akiba

Kila asubuhi, kabla ya kuchota maji, Yudith alishughulika kwanza na tarumbeta. Baridi ya Magamba, kijiji cha milimani, haina mchezo, na chuma kilicholala usiku kucha kwenye sanduku huuma midomo. Kwa hiyo alikichomoa kipulizio, akakitia kwapani mpaka kikapata joto, ndipo akapuliza sauti tatu nne za taratibu. Bibi Esteria alimjibu kutoka jikoni, "Nimeshaamka, mjukuu wangu. Usiwaamshe na waliokufa."

Na hao ndio hasa Yudith aliotaka kuwaamsha. Katika usharika wao, alfajiri ya Pasaka, waumini hukusanyika makaburini kabla jua halijatoka. Tarumbeta moja huanza peke yake, mstari mmoja tu wa wimbo, kisha nyingine zote huitikia. Marehemu babu yake Yudith alipiga mstari huo kwa miaka mingi, na tarumbeta ile ilikuwa yake. Safari hii Mwalimu Emanueli, kiongozi wa tarumbeta, alikuwa amemwahidi Yudith, mtoto wa darasa la sita, msichana wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Kwake hapakuwa na jambo kubwa kuliko hilo duniani.

Sasa tuje kwenye habari ya kadi. Kornelio, baba yake Yudith, alikuwa mtu wa kuweka. Aliweka mbegu, aliweka mifuko, aliweka hata misumari iliyopinda. "Akiba haiozi," alisema kila mara, hata alipoulizwa jambo lingine kabisa. Mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia, baada ya kuuza peasi zake, alijiunga na bima ya afya ya kaya. Kadi moja iliwabeba wote: yeye, Bibi, Yudith, na mama yake Yudith ambaye alichuma chai kwenye mashamba ya Kwamkoro na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kutoa pesa ile kulimuuma Kornelio. Aliifunga kadi ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia kwenye kopo la majani ya chai na kuliweka juu ya kabati.

"Hii si ya mafua," akawaambia. "Ni ya siku mbaya. Mama yangu amezeeka. Siku akianguka, tuikute nzima. Mwenye kuumwa kichwa anywe maji alale."

Hakuna aliyembishia. Kwao kadi ilikuwa kama gunia la mbegu za maharage, kwamba ukizila leo, mvua zikija utapanda nini? Waliamini kwamba kila atakayeitumia ataipunguza. Lilikuwa kosa la nyumba nzima, na lilitokana na kupendana.

Mwezi wa saba tabibu wa meno, jina lake Pendo, alifika shuleni kwao kukagua meno ya wanafunzi. Yudith alipofungua mdomo, tabibu aliligusa jino la mbele la juu.

"Hapa pana tundu dogo," alisema. "Likizibwa sasa, utazeeka nalo. Nyumbani mna bima?"

"Tunayo, daktari."

"Basi njoo na mzazi hospitali ya mjini wiki ijayo. Kuziba jino kumo kwenye bima yenu." Akaandika karatasi na kumkabidhi.

Njiani Yudith alilipapasa tundu kwa ulimi. Lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Akamkumbuka Bibi, anavyoshika kiuno akiinuka. Je, akiitumia kadi kwa kitu kidogo namna ile, na kesho Bibi akaanguka? Alipofika nyumbani aliikunja karatasi mara nne, akaifutika chini ya kitambaa cha sanduku la tarumbeta.

"Umempa baba ile karatasi?" aliuliza Alen, mwenzake wa tarumbeta, walipokutana mazoezini.

"Nimempa."

"Akasemaje?"

"Tutaenda."

Uongo ule mdogo ulizaa mwingine. Maumivu yalipoanza mwezi wa kumi na moja, alisaga karafuu na kuzishindilia kwenye tundu, akasema anapenda harufu yake. Chakula alitafunia upande mmoja. Kufika mwezi wa pili alikuwa akiisogeza tarumbeta pembeni ya mdomo ili isigandamize jino.

"Yudith, mbona sauti inavuja?" aliuliza Mwalimu Emanueli.

"Ni baridi, mwalimu."

Aliumia hivyo miezi mitano bila kumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na Yudith kilio kilimfichua Jumapili ya Matawi. Alipoamka, mdomo wa juu umevimba hadi chini ya jicho, na homa kali juu yake. Hapo Kornelio hakusubiri neno. Alipanda juu ya kiti, akalishusha lile kopo.

Jumatatu asubuhi walikuwa dirishani, kwenye hospitali ya mjini. Dada wa mapokezi aliigeuza kadi, akaangalia kompyuta yake, akaigeuza tena.

"Shikamoo, baba. Kadi hii imekwisha muda wake wiki mbili zilizopita."

"Marahaba. Imekwishaje? Hiyo haijaguswa hata siku moja."

"Ni kama bando la simu, baba. Utumie usitumie, muda ukifika inazima."

"Na pesa yangu?"

"Imetibu wengine mwaka mzima. Ndivyo bima ilivyo. Ukilipia leo, kadi mpya itaanza kazi baada ya siku thelathini."

Kornelio alimtazama binti yake, ambaye hakuweza hata kufumba midomo. Jino lile halikuwa na siku thelathini. Akatoa pesa za mbegu za viazi alizokuwa amezifunga kwenye leso, akalipia matibabu.

Tabibu Pendo alimkumbuka Yudith mara alipomwona. "Wewe nilikupa karatasi," alisema polepole.

"Karatasi gani?" Kornelio akauliza.

Yudith alianza kulia. Kwa maneno yaliyokatikakatika akaeleza yote: karatasi, sanduku, karafuu, na kadi ya Bibi. Kornelio alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakumkemea, na Yudith aliona afadhali angemkemea.

"Kadi haipungui, baba Yudith," alisema tabibu. "Ndani ya mwaka wake, mngekuja mara moja au mara kumi, ingebaki ileile. Mwezi wa saba ningeliziba jino hili kwa nusu saa. Sasa usaha umeshakula mfupa, na jino lenyewe linacheza. Sina la kuokoa."

"Halitaota lingine?"

"Hili ni la ukubwani. Yapo ya kubandika, fizi ikipona, lakini hayo hayamo kwenye bima, na bei yake ni kubwa."

Jino liling'olewa. Siku mbili baadaye homa ilishuka, uvimbe ukapungua, na mtu angeweza kusema kwamba tatizo limekwisha. Kornelio alikwenda siku hiyo kulipia bima upya kwa pesa alizokopa. Yudith naye alikichukua kipulizio, akakitia kwapani, akajaribu. Pumzi ilipita kwenye pengo na kutoka bure. Akajaribu kwa pembeni, akajaribu kwa kubana mdomo, mpaka damu ikatoka kwenye fizi. Mwalimu Emanueli, aliyekuja kumjulia hali, alimsikia akiwa mlangoni.

"Acha, mwanangu," alisema. "Kuna tarumbeta ya pili na ya tatu, kuna ngoma. Siku moja tutaona. Lakini mstari wa Pasaka tumpe Alen."

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulifunika makaburi hadi magotini. Yudith mwenyewe ndiye aliyembebea Alen tarumbeta ya Babu, na mwenyewe ndiye aliyeipasha joto. Alen alipiga mstari ule peke yake, na aliupiga vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Yudith kuliko jino. Alifunga mdomo wake wenye pengo, akasimama karibu na Bibi asionekane na watu.

Wimbo ulipokwisha, kila familia ilikwenda kwenye makaburi ya watu wake. Bibi Esteria alitembea na maua yake mkononi, akainama, akayaweka, akaanza kusali. Yudith aliusoma msalaba. Lilikuwa kaburi la mtu mwingine.

"Bibi, hapa si kwa Babu."

"Najua," alisema Bibi, lakini hakuinuka wala hakugeuka kutafuta. Yudith akapiga magoti na kumtazama usoni. Jua lilikuwa linachomoza, na kwenye mboni za Bibi akaona weupe kama maziwa yaliyochujwa.

"Bibi, huoni."

"Nyamaza. Baba yako atasikia."

Yudith aliyafahamu maneno hayo. Alijiambia yeye mwenyewe kwa miezi tisa. Alisimama, akaita kwa sauti iliyovuja pengoni, "Baba, njoo. Bibi haoni."

Kornelio alikuja mbio. Bibi alijaribu kumtuliza kwa Kishambaa, kisha akakata tamaa, akasema wazi. "Macho yalianza mwaka jana, tangu mavuno ya maharage. Nikasema kadi ni moja, na mtoto ndiye mwenye siku nyingi mbele. Mimi nimeshaona ya kutosha."

"Mimi nilikuwekea wewe, Bibi," alisema Yudith.

Kornelio aliketi kwenye majani yaliyoloa, katikati yao.

"Nilisema akiba haiozi," hatimaye alisema. "Hii imeoza, na imeozea mdomoni mwa mwanangu na machoni mwa mama yangu. Kadi tumeitunza mpaka haina hata mkunjo, tukaacha kujitunza sisi. Sikupoteza pesa kwa kulipia bima. Nilizipoteza kwa kuifungia koponi, na kwa kuwafundisha kunyamaza. Kuanzia leo, anayeumwa aseme siku hiyohiyo, hata kama ni ukucha. Kadi mpya ikianza kazi, wa kwanza kwenda ni wewe, Mama."

"Na kama macho hayatasubiri?" aliuliza Yudith.

"Basi tutakuwa tumechelewa tena," alisema baba yake. "Lakini safari hii tumesema."

Yudith aliyaokota maua kutoka kaburi la jirani. Akamshika Bibi mkono, akamwongoza hatua sita upande wa kushoto, na kumwekea vidole vyake juu ya jina la Babu.