Filimbi ya Mkononi

Ijumaa ile nilikuwa napeleka karatasi tu. Karatasi ya majina kumi na moja, kutoka nyumba tuliyofikia Koboko mpaka kwa Mzee Kasimiro, katibu wa ligi, kabla giza halijaingia. Mwendo wa dakika kumi. Ningepita barabara ya soko kama watu wenye akili, leo ningekuwa nauza sukari yangu Arua na kugombana na mke wangu kama waume wengine.

Lakini nilipita uwanjani.

Naitwa Kamisi. Mwaka huo, themanini na nane, nilikuwa kocha wa Chui, timu ya mtaa wa Oli pale Arua. Hatukuwa na muda mrefu tangu turudi kutoka ukimbizini Kongo, na watu walikuwa na njaa ya mpira kuliko ya chakula. Mimi nikawalisha aibu. Mechi saba, tumefungwa zote saba. Mimi ni mtu wa hasira, nakubali mwenyewe. Katika ile ya saba nilimrushia golikipa wangu filimbi, ikagonga mwamba wa goli ikapasuka. Basi, kocha hana filimbi, timu haina goli.

Tena timu ilikuwa imeuzwa. Mwenye timu wa zamani alichoka nayo, akaichukua Hajji Lukumani, mwenye malori. Alhamisi alikuja nyumbani, akakataa hata kukaa.

"Kocha, hii nyumba unalala ndani iko ya timu," akasema. "Jumamosi Koboko wakikufunga, Jumatatu mutu mwingine iko ndani. Umesikia?"

Nilisikia. Mke wangu Hadijah alisikia pia, amesimama mlangoni na mimba ya miezi minane. Nyumba ya marehemu baba ilichomwa vitani, imebaki sakafu na nyasi. Nikifukuzwa, mtoto azaliwe wapi? Usiku ule Hadijah hakulia. Alikunja nguo zetu moja moja, taratibu, akaziweka kwenye gunia. Afadhali angelia.

Kwa hiyo nilipita uwanjani, maana kocha yeyote hukanyaga uwanja wa ugenini siku moja kabla, ajue mashimo yako wapi. Jua lilikuwa limezama. Mwadhini alikuwa amemaliza. Hapakuwa na mtu.

Nikasikia viatu.

Kwap... kwap... kwap...

Viatu vya njumu kwenye udongo mkavu. Mtu anakimbia. Nikageuka kulia, hakuna. Kushoto, hakuna. Kisha nikasikia harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kuwasha macho, na chini yake harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

"Umepoteza mechi ngapi?"

Lo! Alikuwa kwenye mstari wa pembeni, hatua tatu kutoka kwangu. Mzee mrefu, suti ya michezo ya zamani imembana mabegani, filimbi shingoni. Sura yake sikuiona vizuri. Nilidhani ni kocha wa Koboko, amekuja kunidhihaki.

"Saba," nikasema kwa ukali. "Wewe inakuhusu nini?"

"Mwenye timu iko mupya?"

"Mupya."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza habari za mgonjwa.

"Sasa wewe unataka nini?" akanong'ona. "Kushinda... ama kazi?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kocha wa kweli angesema kushinda bila kufikiri. Mimi niliona lile gunia la nguo.

"Kazi," nikasema. "Wasinifukuze, basi."

"Hakuna mutu atakufukuza."

Akavua filimbi, akaninyooshea.

Sasa nisikilizeni. Huku kwetu kocha anayeondoka hampi mwenzake filimbi mkononi. Huiweka chini, katikati ya uwanja, akaenda zake bila kugeuka, na kocha mpya huiokota mwenyewe. Filimbi iliyopokelewa mkononi inakuja na mwenyewe aliyeitoa. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kupanga mabeki. Nilijua! Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi maji yalikuwa yamefika puani.

Nikaipokea.

Ilikuwa baridi, na uzi wake umelowa. Nilipoinua macho, uwanja ulikuwa mtupu.

Nilifika kwa Mzee Kasimiro nahema. Akapokea karatasi, akasoma majina kwa taa ya chemni. Katikati ya kusoma akainua kichwa. Akanusa.

"Umepita uwanjani?"

"Nimepita, mzee."

"Ulimkuta mutu?"

Nikamwonyesha filimbi. Mzee akasogeza kiti nyuma.

"Aliweka chini, ukaokota?"

Nikautazama ule uzi uliolowa.

"Kamisi. Aliweka chini?"

"Alinipa."

Akaniambia kwa sauti ndogo habari za kocha Angelo, aliyekuwa na timu ya hapo Koboko. Mwaka sabini na tisa, bunduki zilipokaribia, mji mzima ulikimbilia Kongo na Sudan. Mwenye timu alikimbia wa kwanza. Angelo alikataa. Alisema hajaagwa, hajakabidhi timu kwa mtu, hawezi kuondoka. Wa mwisho kuondoka walimwacha pale uwanjani, anapuliza filimbi, anaita wachezaji waje mazoezini.

"Alikufa?" nikauliza.

"Hakuna mutu aliona maiti," Mzee Kasimiro akasema. Akafunga mlango kabla sijashuka barazani.

Jumamosi tukafungwa nne bila. Hajji Lukumani alishuka kutoka jukwaani, barua ya kunifukuza inachungulia mfukoni mwa kanzu. Akasimama mbele yangu na wachezaji wote wanatazama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, jasho linamtoka.

"Jumatatu... mazoezi, saa kumi," akasema.

Sauti haikuwa yake.

Na mimi nilicheka, ndugu zangu. Nilirudi Oli nikamwambia Hadijah afungue gunia. Binti yetu Kaltumu akazaliwa ndani ya nyumba ya timu, nikamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukitoa Yeye.

Tuliendelea kufungwa. Hajji hakukubali kushindwa. Alimleta Okuonzi, kocha mwenye kifua, kutoka Onduparaka. Okuonzi aliingia uwanjani saa kumi, akanisalimia kwa heshima, akaanza kukimbia na vijana kupasha mwili. Mizunguko miwili. Vijana wakasimama. Yeye hakusimama. Mitano. Kumi. Tukadhani anajionyesha. Saa kumi na mbili bado anakimbia, machozi yanamtoka, damu imelowesha soksi. Watu wanne walimwangusha chini kwa nguvu, na hata pale chini miguu ilikuwa bado inakimbia.

"Mwambie mzee anyamaze," akaniomba. "Mwambie asihesabu tena."

"Mzee gani?"

Akanyoosha kidole.

Nyuma yangu.

Sikugeuka. Mpaka leo sijageuka.

Hajji akaiuza timu. Aliyeinunua naye akajaribu kunifukuza, akapooza mkono wa kuandikia, akamwachia mwingine. Mwishowe hakuna aliyeitaka hata bure. Wachezaji wakaondoka, mmoja kwenda kuuza nguo mpakani, mwingine kuendesha bodaboda. Nikasema potelea mbali, nitajifukuza mwenyewe! Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea Hajji, maana timu haikuwa tena na mwenyewe wa kuipokea. Akaifunua, akaigeuza, akanitazama kwa huruma.

"Kocha, hii karatasi iko tupu."

Filimbi nimeitupa mtoni Oli mara tatu. Nimeiweka chini katikati ya uwanja, nikaondoka bila kugeuka. Nikifika nyumbani iko mfukoni, imelowa. Na kila siku ikifika saa kumi miguu hunyanyuka. Niwe nakula, niwe na homa, itanipeleka uwanjani. Uwanja wenyewe sasa umelimwa mihogo. Nasimama katikati ya mihogo, napuliza, na nasikia njumu zinakuja. Si kumi na moja. Ni wengi.

Hadijah alivumilia miaka minne. Siku aliyoondoka alilifunga gunia lilelile la nguo.

"Baba Kaltumu," akasema, "mimi nilitaka nyumba yenye wewe ndani. Wewe haiko ndani."

Akamshika mtoto mkono. Nilitaka kuwasindikiza mpaka barabarani, lakini ilikuwa saa kumi.

Sasa ni mwaka tisini na tano. Bado niko katika nyumba ya timu, na hakuna wa kunitoa. Juzi jua likizama alinifuata pale kwenye mihogo kocha mmoja wa Onduparaka, jina lake Yangi. Mwanamume mzima, lakini macho mekundu. Timu yake imepata mwenye mpya. Jumapili wakifungwa, atafukuzwa, na mke wake ndio kwanza amejifungua. Alikuja kuniuliza siri, maana anasikia mimi ndiye kocha pekee wa mkoa huu wa West Nile asiyefukuzwa.

Akasogea karibu, akakunja pua.

"Mzee," akasema, "mbona unanuka dawa ya kuchua?"

Dawa ya kuchua sijainunua tangu themanini na nane.

Nilimhurumia. Nilimwona yeye, nikaliona na gunia la mke wake. Nilitaka kumwambia kimbia, rudi kwako, fukuzwa! Fukuzwa, mwanangu, ulale njaa lakini ulale! Wallahi hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Umepoteza mechi ngapi?" nikasema.

"Sita, mzee."

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.