Siku Ambazo Dudumizi Alikosea

Du-du-du-du-du! Sauti ya ndege ilitoka kichakani kabla hakujapambazuka, kama maji yakimiminwa kutoka kibuyu chenye shingo nyembamba.

Syokau aliruka kitandani. "Dudumizi ameita! Mvua inakuja!"

Ilikuwa Oktoba 1985, huko Kathonzweni. Mbegu za kunde zilibaki kopo moja la gorogoro tu. Mumewe, Kiilu, alikuwa mpagazi Mombasa. Barua yake ilisema, "Tukivuna, nitarudi. Tukikosa, nitakaa mwaka mwingine." Syokau alikuwa amechoka kulala akiusikiliza mlango.

Jirani yake Mutindi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alimkuta shambani.

"Unapanda kwenye vumbi?"

"Dudumizi ameita, Mwalimu. Hadanganyi."

"Mwaka jana hakuita?"

"Aliita."

"Mkavuna?"

"Tuvune nini? Mbegu zililiwa na mchwa!"

"Basi unahesabu siku alizopatia, unasahau alizokosea. Ukitaka kujua kama neno ni kweli, tafuta siku inayoweza kuliangusha. Panda konzi moja tu. Kila akiita, andika. Siku tatu zikipita bila mvua, andika pia."

Mama mkwe, Kalunde, alicheka. "Juzi umejua a-e-i-o-u, leo unamfungulia ndege kesi!"

Syokau aliandika ukutani kwa makaa. Kila aliposikia sauti ile, moyo wake ulikimbia hadi Mombasa. Lakini mkono uliandika kilichotokea, si alichotamani. Kwa wiki tatu ndege aliita mara tisa. Mvua ilifuata mara moja, nayo ilikuwa manyunyu. Konzi ile ikakauka ardhini.

"Nilimwamini kwa sababu namtaka Kiilu," alimwambia Mutindi.

"Kumtaka si kosa. Kosa ni kumpa ndege kazi ya kumleta."

Novemba mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. "Chimba," Mutindi alisema. "Tia mkono shimoni; udongo ukiwa mbichi hadi kupita kiwiko, panda. Na hili pia usiliamini bure. Lipime."

Syokau alichimba, akapima, akapanda mbegu zote zilizobaki. Februari alivuna gunia zima la kunde. Akamwandikia Kiilu kwa mkono wake mwenyewe: "Rudi."

Kalunde alikuwa akipepeta. "Haya, ndege wangu umemshinda. Na hicho kiwiko chako kikikosea?"

"Nitakipima kila msimu, Mwaitu, mama yangu. Siku kitakapokosea, nakuahidi, nitaiandika na kukusomea kwa sauti, hata kama Kiilu amekaa hapa ananicheka."