Jirani Alitaka Nimufukuze Doula Wangu Siku ya Uchungu

"Ramla! Toa huyo mwanamke ndani ya nyumba yako! Umutoe sasa, ama tutakuja kumutoa sisi!"

Huyo alikuwa Mama Angèle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kichwa chake tu ndicho kilichoonekana juu ya mawe ya ukuta wetu, kitambaa kimekaa upande, sauti inapita hata ya risasi.

Na risasi zilikuwako, ndugu zangu! Ilikuwa ile Januari vita ilipoingia Goma. Umeme hakuna, maji hakuna, réseau ya simu hakuna. Watu wa mtaa wa Mapendo tulikuwa tumejifungia manyumbani kama kuku wa soko.

Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi tisa, tumbo linafika mlangoni kabla yangu.

"Nimutoe aende wapi, Mama Angèle? Husikii vile risasi zinalia inje?"

"Aende kwao! Huyo ni jicho la waasi! Anapiga Kinyarwanda kwa simu, anahesabu manyumba yetu!"

"Simu gani? Si réseau imekatika?"

"Basi wao wamemupa réseau yao!"

Mnaona mambo?

Papa Ferdinand, chef wetu wa avenue, yaani mkubwa wa barabara yetu, akatoa kichwa dirishani. Huyo muzee hajawahi kupitwa na ugomvi, hata muji uwe unawaka.

"Ramla, binti yangu, hata mimi nilimusikia. Nyuma ya jikoni yako. Rimwe, kabiri, gatatu... Anahesabu nini pale?"

Kweli, nyuma ya jikoni yangu kuna nini cha kuhesabu? Sufuria na majivu!

"Vijana wa avenue wamekasirika," akaendelea. "Afadhali atoke mwenyewe kwa amani. Wakija wao, mimi sitawaweza."

Nikageuka. Huyo mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Alisikia yote. Hakujitetea hata kidogo.

Aliniambia tu: "Kaa chini, mama. Miguu yako imevimba."

Sasa nyinyi mnaosoma mnajiuliza, huyu mwanamke ni nani?

Anaitwa Nyiramahirwe, sisi tunamuita Mama Mahirwe. Mutu wa Rutshuru, vita ilimusukuma mpaka Goma. Kazi yake ni ile Wafaransa wanaita doula. Si mukunga! Mukunga anapokea mutoto. Doula anamushika mama. Anaanza na wewe mimba ingali changa, anakaa na wewe siku ya uchungu, na ukishazaa hakuachi.

Alinifundisha kupumua. Alinifundisha kulala kwa ubavu. Alimukamata bwana yangu Idriss, mutu mukubwa wa biashara pale soko la Birere, akamufundisha kunibonyeza kiuno mpaka jasho likamutoka! Halafu Idriss akaenda Butembo kupakia maharagi... na barabara ikafungwa nyuma yake.

Mama mukwe wangu, Mama Sumaya, alimukataa huyo doula tangu mwanzo.

"Doula ni nini? Kwetu Kasongo mwanamke anazaa na mama mukwe wake! Mimi nimezaa saba, nani alinishika mkono?"

"Hakuna, mama."

"Umeona!"

Haukupita hata mwezi, nikamukuta yeye mwenyewe amelala kifudifudi, Mama Mahirwe anamukanda mgongo. "Nyamaza," akaniambia. "Huko huko juu ya nyonga, Mama Mahirwe... ayaa!"

Kitu kimoja tu kilinishinda kwa huyu mwanamke. Hapeleki maneno ya nyumba moja kwa nyumba ingine. Na mimi mnanijua, bila habari chakula hakishuki!

"Mama Mahirwe, nani mwingine unamusindikiza hapa kwetu?"

Anacheka. "Kunywa maji, mama."

Basi hiyo ndiyo hali. Inje risasi. Centre de santé ya kuzalia iko ng'ambo ya rond-point, na kwenye hiyo njia panda hakuna anayepita. Ndani niko na mama mukwe ambaye akiona kuku anachinjwa anaanguka. Doula akitoka, ninazaa peke yangu. Akibaki, vijana wanakuja kumutoa kwa nguvu.

Nani angechagua nini hapo? Niambieni!

Na mutoto naye akaamua ni leo.

Uchungu wa kwanza ulinikamata nimeshika mlango. Nikaita: "Mama Mahirwe!"

"Mama Mahirweee!"

Nikajivuta mpaka jikoni, nikishika ukuta. Nikamuona. Ameinama kwenye ule ukuta wa mawe ya volkano, mdomo umegusa mawe, anasema polepole:

"Bado. Ramla hajalala. Akilala tu, nitapita hapa. Mlango wa nyuma uuache wazi."

Kumbe Mama Angèle alisema kweli? Huyu mwanamke niliyemuonyesha tumbo langu, chumba changu, machozi yangu... anangoja nilale afungulie watu mlango?

"Mama Sumaya! Njoo! Tumeuzwa!"

Mama mukwe akatoka na mwiko wa bugali mkononi, ameushika kama bunduki.

"Unaongea na nani pale?" nikamuuliza.

Mama Mahirwe akasimama wima. Uso wake ulichoka ghafla.

"Siwezi kusema."

"Husemi? Watu wanataka kukuua ndani ya nyumba yangu, na husemi?"

"Siri si yangu, mama. Vile sijapeleka yako kwa mutu, sitakuletea ya mutu."

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka kwangu! Papa Ferdinand! Waambie vijana waje!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Uchungu na woga vilinipanda pamoja.

Akachukua mfuko wake. Hakulia, hakunilaani. Akapita mbele ya mwiko wa Mama Sumaya, na alipofika kwenye pembe ya jikoni...

"Mamaaa! Ninakufa!"

Sote tukasimama.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimefunga mdomo! Ile sauti haikuwa yangu. Ilitoka ng'ambo ya ukuta. Na mwanamke mwenye uchungu hadanganywi na uchungu wa mwenzake.

Mama Sumaya akapindua beseni, akapanda juu, akachungulia. Mwiko ukamuanguka.

"Ramla... ni Cibalonza! Yuko chini kwa magoti! Tumbo limejaa!"

"Cibalonza gani? Si yuko Bukavu, universite?"

"Bukavu ya wapi! Yuko hapa!"

Cibalonza, binti wa Mama Angèle! Yule ambaye kila dimanche, akitoka kanisani, mama yake anatuambia "Cibalonza amefaulu, Cibalonza anasalimia." Mama Angèle, mkubwa wa wamama wa kanisa, mwenye kuchunga ndoa za wengine! Miezi yote hiyo binti alikuwa ng'ambo ya mawe, amefichwa chumbani, mimba inakua, hata jua halimuoni.

Na mwenye kumusindikiza kwa siri, akipitia mlango wa nyuma, alikuwa nani?

Huyu huyu! Pale kwenye mawe alikuwa anaongea na Cibalonza.

Mama Angèle akatokea juu ya ukuta. Safari hii sauti ilimuishia.

"Ramla... nisamehe. Vita ilimukuta Mama Mahirwe kwako. Alipokuja kwako na begi lake, nikajua hatatoka tena. Na binti yangu siku zake zilikuwa zimefika. Nilisema ukiogopa ukimufukuza... hana pa kwenda. Ataruka tu hapa, ataingia kwangu."

Mnasikia? Hakutaka afukuzwe! Alitaka kuniiba doula!

"Si ungeniomba, Mama Angèle?"

"Ningekuombaje bila kumutaja Cibalonza? Avenue nzima ingejua!"

Nilitaka kumutukana tusi ambalo hata Birere hawajalisikia. Lakini tumbo likanikunja tena, na kabla sijapumua, geti likagongwa.

Boum! Boum!

Vijana walifika, na Papa Ferdinand mbele yao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaita! Wawili wakamushika Mama Mahirwe mikono. Mfuko wake ukamwagika, pamba na mafuta ya kukanda vikaenda kwenye vumbi.

"Muachieni," nikasema. "Nimekosea..."

"Binti, wewe uko na uchungu, hujui unasema nini," Papa Ferdinand akanijibu. "Alikuwa anahesabu, nimemusikia na masikio yangu."

Nani angeniamini? Mutu mmoja tu ndiye aliyeweza kumuokoa.

Nikamuangalia Mama Angèle juu ya ukuta. Na yeye akaniangalia. Nyuma yake binti yake analia. Mbele yake avenue nzima, masikio wazi. Akifunga mdomo, jina lake linabaki safi, na huyu mwanamke anaenda na vijana mahali watu hawarudi.

Mama Mahirwe naye? Angeweza kujiokoa kwa neno moja. Hakulisema. Macho chini.

"Nilidanganya!"

Mama Angèle alipiga kelele mpaka kijana mmoja akainama akidhani ni bomu.

"Nilidanganya, Papa Ferdinand! Hakuna simu, hakuna waasi! Binti yangu Cibalonza yuko hapa ndani, anazaa! Huyu mama alikuwa anamuhesabia pumzi kupitia ukuta! Mimi ndiye nilimupakaza uongo!"

Hata bunduki ni kama zilipumzika zisikilize.

Papa Ferdinand akakuna kichwa. "Cibalonza? Si yuko Buka..."

"Papa!" Mama Sumaya akamukata. "Utauliza kesho! Mutoe hayo mawe!"

Na mawe yakatolewa! Vijana wale wale waliokuja kumubeba mutu wakabomoa ukuta kwa mikono, wameinama risasi zisiwafikie. Cibalonza akapitishwa kwenye tundu, kwa sababu nyumba yao mabati yake yalikuwa yameshatobolewa na risasi. Papa Ferdinand, na uzee wake, akaambaa na kuta kwenda kumutafuta mukunga wa avenue ya pili.

Ndani ya chumba changu tukawa wawili. Mimi kwenye godoro, Cibalonza ameshikilia dirisha.

Mama Mahirwe akavuta hewa. "Nina mikono miwili tu," akasema. "Mumoja kwa kila mama. Mama Angèle, osha mikono na sabuni, mpaka kwenye kiwiko. Wewe kaa mbele ya Ramla."

"Mimi? Kwa Ramla?"

"Umezaa mara ngapi?"

"Mara sita."

"Basi unajua mutoto anatokea wapi. Usimuvute. Mungoje."

Mama Sumaya akatangaza kwamba hakuna mwanamke wa Kasongo anayeogopa damu, akaona damu, akaanguka. Tukamuacha pale pale.

Mkono wa Mama Mahirwe ulikuwa kwenye kiuno changu, unabonyeza. Sikuweza kumuangalia usoni. Akaniinamia sikioni, sauti ile ile ya siku zote: "Pumua, mama. Rimwe... kabiri... hivyo hivyo."

Nilimuambia atoke, akanihesabia pumzi.

Mutoto wangu alishuka kwenye mikono ya Mama Angèle. Mwanamke aliyetaka kuniacha peke yangu ndiye mutu wa kwanza kumugusa binti yangu! Alilia kuliko mutoto. Mukunga aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakata kitovu changu, akageuka akamupokea mutoto wa kiume wa Cibalonza.

Siku zilizofuata, muji ulibadilisha watawala, sisi tulibaki ndani. Mama Mahirwe alikaa na sisi wote wawili. Alitupikia uji wa mutama, alitukanda, alimuonyesha Cibalonza namna ya kumuweka mutoto kwenye ziwa asimuumize. Idriss aliporudi kutoka Butembo alikuta watoto wawili kwenye kitanda chake, akauliza kwa woga: "Wote ni wangu?"

Tulicheka mpaka nyuzi alizonishona mukunga zikaniuma.

Lakini Mama Angèle hakuingia. Alikuwa anafika kwenye tundu la ukuta, anapitisha nguo alizofua, anarudi. Chakula anakula peke yake ng'ambo, kwenye nyumba yenye matundu. Mimi sikumuita. Nilikuwa bado na hasira, nisiwadanganye. Na nusu ya ile hasira ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyewaita vijana.

Somo langu ni hili, mulichukue. Kama unataka kitu kwa jirani, muombe, hata kama haya inakuchoma. Na wakati wa vita, usimuite mutu "adui" ili upate unachotaka. Hilo neno likishatoka mdomoni, unaweza kujuta ukiwa umesimama juu ya ukuta, na mwenzako ameshabebwa.

Basi siku moja tulikuwa tumekaa chini, mchana, nyumba imejaa. Bugali katikati, samaki sambaza, mboga ya lengalenga. Mama Angèle akatokea na nguo za watoto, akaziweka kwenye jiwe, akageuka aende.

Mama Sumaya aliniangalia. Mimi niliangalia sahani.

Mama Mahirwe ndiye aliyesogea, akaacha nafasi pembeni yake kwenye mkeka. Akamega bugali, akasema bila hata kuinua macho:

"Mama Cibalonza, nawa mikono. Ingia tukule."